Frosting, Aisingi au Jimmies: Nani Ana Haki ya Kuibatiza Sukari ya Keki?

Mkenya anayehamia Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo kaskazini mwa Boston, hakosi mtu wa kumkaribisha. Wakenya ni wengi pale, na chai ya maziwa haiko mbali. Tabu huanzia dukani. Anatafuta sukari ya aisingi ya kupambia keki ya ubatizo, anazunguka rafu nzima, haioni. Kumbe ipo mbele ya macho yake, ila pakiti moja imeandikwa 'powdered sugar' na ya jirani yake 'confectioners' sugar', pengine na alama ya 10X kuonyesha kwamba imesagwa laini sana. Ndani ni kitu kile kile alichokiacha Nakuru: sukari iliyosagwa ikatiwa wanga kidogo wa mahindi ili isishikane mabonge.

Hatua chache mbele kuna makopo ya krimu tamu ya kupaka keki, imeshapigwa tayari. Lebo inasema 'frosting'. Jioni akiwapeleka watoto kula aiskrimu, msichana wa kaunta atamuuliza kama atie 'jimmies' juu yake, na Mkenya wa watu atageuka kutazama huyo Jimmy ni nani. Angehamia Toronto, angalau sukari isingempotea, maana Wakanada huandika 'icing sugar' kwenye pakiti kama Waingereza.

Hapo ndipo inapotoka hoja ya mjadala huu: je, biashara ya keki ichague jina moja kwa kila kitu na kuyaacha majina ya mitaani yafe, au kila eneo liachiwe lake? Wazungumzaji waliowekwa mezani hapa ni wa kubuni. Mambo wanayobishania si ya kubuni. Yupo mwokaji kutoka Nakuru anayepika keki za harusi huko Lowell. Mzee wa Boston aliyeuza aiskrimu tangu ujana wake. Mtafiti wa lahaja za Kiingereza cha Marekani. Na Bi Mkubwa, mpambaji keki wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye hakualikwa kwanza lakini alikuja.

Mwokaji ndiye aliyeileta hoja, akafungua yeye.

“Mimi nimechoka kutafsiri oda,” alisema. “Mteja Mmarekani ananipigia simu, anataka keki ya limau yenye 'icing'. Namuuliza, ile nyepesi ya kumimina, inayoshuka pembeni ikakauka? Ananijibu, nimesema 'icing'. Kumbe anataka siagi na sukari iliyopigwa ikaumuka, ile ya kupaka kwa kisu kipana. Mkenya mwenzangu naye akisema aisingi, ana maana ya kila kitu kilichokaa juu ya keki, na maua ya plastiki yamo. Keki ya harusi hairudishwi. Neno moja kwa kitu kimoja, tumalize.”

“Dada,” alijibu mtafiti, “hilo neno moja hata wenyewe hawana.”

Akaeleza kuhusu uchunguzi ulioendeshwa kwa intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Bert Vaux, mwanaisimu aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Scott Golder. Ulikuwa na maswali 122, na zaidi ya watu 30,000 kutoka kila jimbo walijibu. Swali mojawapo liliuliza: kile kitu kitamu kinachopakwa juu ya keki unakiitaje? Majibu ya kuchagua ndiyo yanayompa mtafiti raha. Mtu angeweza kusema 'frosting'. Angeweza kusema 'icing'. Angeweza kusema yote mawili ni mamoja. Na angeweza kusema kwamba yote anayatumia lakini si kitu kimoja: 'icing' ni nyepesi kuliko 'frosting', au ni nyeupe, au ni ya sukari ya unga na maziwa au maji ya limau.

“Waliotunga swali walijua tangu mwanzo kwamba watu hawa hawatofautiani kwa jina tu,” alisema. “Kuna Mmarekani mwenye neno moja, na kuna mwenye mawili aliyeyagawia kazi. Mteja wako wa limau ni wa kundi la kwanza. Wewe umemuuliza swali la kundi la pili. Hakuna aliyekosea.”

Majibu yale yalikuja kufufuliwa. Josh Katz, mwanafunzi wa takwimu katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, aliyachora upya kwa ramani za rangi mwaka 2013, na mwezi Desemba mwaka huo huo gazeti la The New York Times likatoa chemsha bongo yake: jibu maswali kadhaa ya namna unavyosema, uambiwe unatoka wapi. Ilitoka zikiwa zimebaki siku chache mwaka uishe, na bado ikawa kazi iliyotazamwa zaidi katika tovuti ya gazeti hilo kwa mwaka mzima, mbele ya habari zote za vita na siasa. Watu walitaka kuambiwa kwao ni wapi, na walikubali kuambiwa kwa jina la kinywaji cha soda au la viatu vya michezo.

Mwokaji hakuona raha yoyote. Alitaka kujua kiwandani wanasemaje, maana kiwanda ndicho kinachochapa lebo. Jibu ni kwamba kiwanda nacho hakijaamua. Jina la Betty Crocker limo kwenye kopo la 'frosting' la kupaka keki na pia kwenye bomba la 'icing' la kuchoria majina na maua. Na mtu anayeapa kwamba nyumbani kwao ni 'frosting' tupu, akipata heri juu ya heri, utamsikia akisema hiyo ni 'icing' juu ya keki. Msemo una neno lake, kisu cha kupakia kina lake.

Mzee wa Boston alikuwa akisikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea foleni. “Nyinyi mnabishana juu ya maneno mawili ambayo yapo kwenye kila duka la nchi,” alisema. “Njooni kwangu, kwenye neno ambalo ukivuka majimbo machache halijulikani.”

Kwake, vile vijiti vidogo vya chokoleti vinavyonyunyizwa juu ya aiskrimu ni 'jimmies'. Vya rangirangi ni 'sprinkles'. Wapo majirani zake wanaoviita vyote 'jimmies', naye huwauzia, ingawa moyoni hakubaliani nao. Neno hilo lina wenyewe kaskazini mashariki mwa Marekani, Boston na vitongoji vyake, kisha Philadelphia. Kwingineko nchini ni 'sprinkles' basi. Na huko Boston si hilo pekee: ukitaka maziwa yaliyopigwa pamoja na aiskrimu, desturi ya zamani ni kuagiza 'frappe', kwa sababu 'milkshake' kwa wazee wa pale ilikuwa maziwa na sharubati tu, bila aiskrimu. Mgeni aliyeagiza 'milkshake' akaletewa maziwa mepesi hakuibiwa. Aliletewa alichokitaja.

“Kwa hiyo ukiniambia tufute maneno ya mitaani,” mzee alimwambia mwokaji, “unaniambia nibadilishe orodha ya bei niliyoikuta kwa aliyenifundisha kazi. Wateja wangu hawalalamiki. Mtoto wa miaka 5 ananyoosha kidole, anasema 'jimmies', anapata.”

“Mtoto wa hapo, mzee,” alisema mwokaji. “Wa kwangu hanyooshi, anauliza.”

Mtafiti alikuwa na la kuongeza kuhusu namna maneno kama hayo yanavyojulikana ni ya nani. Huwezi kuyapata kwa kusoma vitabu vya mapishi, kwa sababu vitabu huandikwa ili visomeke nchi nzima. Yanabidi yafuatwe. Mwaka 1965 Frederic Cassidy, mwanaisimu aliyezaliwa Jamaica na kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, aliwatuma wasaidizi wake barabarani kwa magari yaliyobatizwa 'Word Wagons', yaani magari ya maneno. Kwa miaka 5 walizunguka jumuiya 1,002 na kuzungumza na watu 2,777, wakiuliza maswali zaidi ya 1,600 kuhusu hali ya hewa, mifugo, magonjwa, michezo ya watoto, na kwa kirefu, chakula. Wengi wa waliohojiwa walikuwa wazee waliokulia pale pale, na msaidizi aliweza kukaa na kijiji kimoja kwa siku kadhaa hadi maswali yaishe.

Matokeo yake ni kamusi ya Kiingereza cha mikoa ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama DARE. Juzuu ya kwanza ilitoka 1985. Ya tano, iliyofikia herufi Z, ilitoka 2012. Cassidy mwenyewe alifariki mwaka 2000 kazi haijafika mwisho, na juu ya kaburi lake yameandikwa maneno yaliyokuwa wito wa ofisi yake: twende hadi Z. Joan Houston Hall ndiye aliyeifikisha.

Mwandishi wa makala haya angependa kuona gari la namna hiyo likitoka Vanga hadi Lamu, kisha likavuka kwenda Pemba, likiuliza watu majina ya vitafunio peke yake. Lingerudi limejaa.

“Na kamusi ilisema nini kuhusu neno la mzee?” aliuliza mwokaji.

“Kamusi haisemi lifaalo,” alijibu mtafiti. “Inasema nani anasema, na wapi.”

Hapo mwokaji akaleta jambo ambalo kila mtu mezani alikuwa akilikwepa. “Mzee, unisamehe kwa kuuliza. Wanangu wameambiwa na wenzao kwamba hilo neno ni la ubaguzi. Kwamba linatokana na Jim Crow, na ndiyo maana ni la vile vya chokoleti, vyeusi, si vya rangi. Mimi ni mwanamke mweusi nauza keki. Nikiliandika kwenye ubao wangu, nimejitukana?”

Swali hilo si dogo, na halistahili kuchekewa. Jim Crow alikuwa mhusika wa jukwaani aliyevumishwa katika miaka ya 1830 na Thomas Rice, mwigizaji mzungu aliyejipaka masizi usoni ili kuwadhihaki Waafrika Wamarekani. Baadaye jina hilo likapewa mfumo mzima wa sheria za kutenga watu kwa rangi katika majimbo ya kusini, sheria zilizodumu hadi miaka ya 1960. Nchi yenye historia hiyo haina haki ya kumshangaa mtu anayesikia 'Jim' na kitu cheusi pamoja akashtuka.

Mzee alisema yeye tangu utotoni ameambiwa jambo jingine kabisa: kwamba jina ni la heshima, linatokana na Jimmy Fund, mfuko wa kuchangia watoto wenye saratani ulio Boston. Watu wengi wa pale huamini hivyo, na ni hadithi nzuri. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber alikuwa akimtibu mvulana wa miaka 12 kutoka jimbo la Maine, Einar Gustafson. Ili kumlinda mtoto, walimpa jina la Jimmy. Tarehe 22 Mei mwaka huo kipindi cha redio kilirushwa kutoka kitandani kwake hospitalini, wachezaji wa timu ya besiboli ya Boston Braves wakaingia mmoja mmoja chumbani, na nchi nzima ikamsikia akishangilia. Michango ikamiminika, na mfuko ukabaki na jina lake. Gustafson alipona, akaishi, akazeeka.

Tatizo ni tarehe. Vijiti vya chokoleti vilikuwa vikiitwa 'jimmies' kabla Jimmy huyo hajasikika redioni.

Hadithi ya tatu inatoka kiwandani. Sam Born, mhamiaji kutoka Milki ya Urusi, alifungua duka la peremende Brooklyn mwaka 1923, na mwaka 1932 kampuni yake, Just Born, ikahamia Bethlehem, Pennsylvania, ilipo hadi leo. Ndiyo inayotengeneza vifaranga vya sukari vinavyouzwa Pasaka, maarufu kama Peeps. Kampuni hiyo imedai kwamba vijiti vile ni kazi yake, na kwamba viliitwa kwa jina la mfanyakazi aliyesimamia mashine, Jimmy. Tarehe zinaelekea kukubali. Bethlehem si mbali na Philadelphia, ambako neno linatumika. Ila anayesimulia ni yule yule anayeuza, na shahidi wa namna hiyo mahakamani huulizwa maswali ya ziada. Wapo pia wanaotazama upande mwingine kabisa, kwenye 'jim-jam', neno la zamani la Kiingereza kwa vitu vidogovidogo visivyo na kazi kubwa.

Na Jim Crow? Mwaka 2011 Jan Freeman, aliyekuwa akiandika safu ya lugha katika gazeti la The Boston Globe, alilifuatilia suala hilo, na hakukuta ushahidi wa kuliunga neno na mhusika yule. Dhana ya ubaguzi inasimama juu ya rangi ya chokoleti na sauti ya silabi moja.

“Kwa hiyo niandike au nisiandike?” mwokaji alirudia.

Mtafiti alijaribu kusema kwamba hiyo si kazi ya isimu, na mzee akatazama pembeni. Mwandishi ana maoni yake. Hapa kuna maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na yafunguliwe. Anayeacha neno kwa sababu mteja aliye mbele yake linamuumiza ana sababu ya kutosha, wala hadaiwi kamusi. Anayetangaza kwamba neno lilizaliwa na Jim Crow ametoa dai la historia, na hilo hudaiwa ushahidi, kama lile la Jimmy Fund na lile la kiwanda. Kati ya hadithi tatu, ya Boston ndiyo tamu zaidi na ndiyo iliyoanguka mapema zaidi.

Bi Mkubwa alikuwa amekunywa kahawa yake kimya muda wote huo. Sasa aliweka kikombe chini.

“Wanangu, mimi nimesikia,” alisema. “Mnazungumzia jina kana kwamba kitu kinakaa mahali pamoja. Njoo Mombasa mwezi wa 3 na hiyo 'frosting' yako ya siagi tupu, mwanangu wa Lowell. Weka keki kwenye meza ya harusi saa 9 mchana, ukumbi una watu 300 na feni mbili. Saa 10 utaikuta kwenye kitambaa cha meza.”

Hakutia chumvi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35 hivi, na hulegea mapema kabla ya hapo. Mchana wa pwani kabla ya masika hufika huko bila taabu. Ndiyo maana mpambaji wa maeneo ya joto hubadili sehemu ya siagi kwa mafuta meupe ya mgando, au huivika keki fondanti. Aisingi ngumu ya Kiingereza, ile ya ute wa yai, sukari na matone ya ndimu, huko Uingereza hukauka ikawa gamba la kuhitaji kisu cha nguvu. Pwani unyevunyevu wa hewa huichelewesha, na mpambaji asiyejua hukesha akiipepea.

“Sisi neno tulilipata kwa Waingereza pamoja na keki yenyewe,” aliendelea Bi Mkubwa. “Mkate wetu wa mayai haukuwa ukipakwa kitu. Iliki ndani, zabibu juu ukiwa na wageni, basi. Kilichopakwa au kumwagiwa kilikuwa na jina lake: kaimati zina shira, visheti vina shira. Hakuna aliyeita shira aisingi.”

Mtafiti alidakia kwamba hata kwa Waingereza wenyewe neno hilo lilikuwa pana tangu zamani. Elizabeth Raffald, aliyekuwa mfanyabiashara wa vyakula mjini Manchester, alichapisha kitabu cha mapishi mwaka 1769 chenye keki ya bibi harusi. Keki hiyo inavikwa mara mbili: kwanza lozi zilizotwangwa na sukari, kisha sukari na ute wa mayai. Tabaka zote mbili aliziita 'icing'. Leo ile ya lozi ingeitwa kwa jina jingine kabisa.

“Na hivyo vijiti vya mzee,” aliuliza Bi Mkubwa, “Waingereza wanaviitaje?”

Vya chokoleti huviita 'chocolate vermicelli', yaani tambi za chokoleti. Punje ndogo za sukari za rangirangi huziita 'hundreds and thousands', mamia na maelfu. Waaustralia wamelichukua jina hilo la pili, na kwenye sherehe za watoto hupaka mkate mweupe siagi, wakaunyunyizia punje hizo, wakaukata pembetatu na kuuita 'fairy bread'. Bi Mkubwa alicheka sana aliposikia habari ya tambi. Kwake tambi ni za kukaangwa na kupikwa kwa sukari, iliki na tui, chakula cha kufuturu, na wazo la kuzinyunyiza juu ya keki lilimfanya ashike mbavu.

“Ndiyo hayo ninayosema!” alidakia mwokaji. “Umeagiza tambi kutoka Uingereza, utaletewa nini?”

Ilikuwa hoja nzuri, na aliifuatisha na iliyo nzito zaidi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu kakao na chokoleti yanataja tambi hizo kwa jina. Kitu hakiruhusiwi kuuzwa kama 'chocolate vermicelli' kama hakina angalau asilimia 32 ya kakao kavu kwa jumla, ikiwamo asilimia 12 ya siagi ya kakao. Chini ya hapo, tafuta jina jingine. “Kumbe inawezekana,” alisema. “Wamekaa, wamekubaliana, neno lina kipimo. Mtu akinunua anajua ananunua nini.”

Mzee alitikisa kichwa akikubali. Mtafiti pia. Hii ndiyo nafasi pekee ambapo mwokaji aliwashika wote, na aliwashika sawasawa: karatasi ya oda si kamusi ya lahaja, ni mkataba.

Lakini mtafiti hakukosa la kusema, akawapeleka Uholanzi. Huko watu wazima, si watoto tu, hupaka mkate siagi wakati wa kifungua kinywa na kuumwagia vijiti vya chokoleti, na huviita 'hagelslag', mvua ya mawe. Mtoto akizaliwa, wageni hupewa biskuti kavu zilizonyunyiziwa mbegu za yansuni zilizovikwa sukari, za waridi au za buluu. Hizo huitwa 'muisjes', vipanya, kwa sababu ya vikia vyake. Waholanzi walitawala Indonesia, na neno hilo la vipanya likabaki baada ya wao kuondoka. Sasa Mwindonesia akisema 'meses', ana maana ya vijiti vya chokoleti vya kunyunyiza kwenye mkate na keki. Yansuni imetoweka, kikia kimetoweka, kipanya kimepanda meli kikashuka kikiwa mvua ya mawe.

“Umoja wa Ulaya ungeandika kanuni gani kuhusu hilo?” aliuliza.

Kutoka nyuma ya ukumbi sauti nyingine ilijitokeza, ya Mkongomani anayeishi Portland, Maine, aliyekulia Bukavu. Yeye alisema kwao keki ni 'gato', neno lililotoka kwa Wabelgiji, na kwa hiyo mjadala mzima wa aisingi haumhusu. Kinachomchanganya ni Kifaransa: Mfaransa wa Ulaya husema 'glaçage', na jirani zake wapya wa Quebec, mwendo wa saa chache kwa gari, husema 'crémage'. Alipokwenda kuagiza keki ya mtoto alionyesha picha kwenye simu. Watu wakacheka, naye akakaa.

Picha kwenye simu, hakika, ndiyo inayofanya kazi siku hizi, na mwokaji mwenyewe alikiri kwamba nusu ya wateja wake huanza na picha. Lakini picha haisemi kama kile cheupe ni siagi, mafuta ya mgando au krimu ya maziwa. Mteja asiyekula yai hawezi kujua kwa kutazama kwamba aisingi ngumu ina ute wake.

Bi Mkubwa ndiye aliyemrudisha kila mtu nyumbani. “Mwanangu, ukija kwangu asubuhi utakula mahamri na mbaazi. Ukienda Nairobi utauziwa mandazi, na hayana nazi. Ukivuka Unguja, yale yenye nazi na iliki wao wanayaita maandazi vile vile. Nimewahi kubishana na wifi yangu wa Unguja hadi chai ikapoa. Hakuna aliyebadilika. Lakini akinituma unga, ananiandikia: unga ratili kadhaa, hamira kadhaa, nazi kadhaa. Hapo hatujawahi kukosana.”

Kwa hukumu ya mwandishi, huyu mama amewashinda wanaisimu na kanuni za Ulaya kwa sentensi moja ya mwisho. Hoja ya mwokaji inaanguka kwenye kaunta na inasimama kwenye karatasi. Mzee wa Boston aachiwe 'jimmies' zake mpaka wateja wenyewe wachoke nazo, na asidanganye kwamba zina uhusiano na watoto wagonjwa. Mwokaji wa Lowell asijisumbue kuwafundisha Wamarekani kusema aisingi. Wana maneno mawili na hawajamaliza kugombana wenyewe.

Kwa hiyo mpambaji unayesoma haya, uwe Tanga, Kigali au Lowell: kwenye oda yako inayofuata andika kwanza viungo vya kile kinachokaa juu ya keki, yaani siagi au mafuta, yai lipo au halipo, maziwa yapo au hayapo. Mteja atie saini. Kisha chini yake andika jina, kama wanavyolisema kwenu.